Siku Niliyoombewa Shifaa Nikiwa Mzima

Chekeni taratibu, basi, maana aibu yenyewe ni yangu na nimeshaikubali. Mpaka leo nikipita Ndia Kuu kuna watu pale barazani (watu wazima, wenye wajukuu) wakiniona tu huinua mikono kama waombao dua, kisha mmoja humuuliza mwenziwe kwa sauti, "Damu imepanda au bado?" na wote huangua kicheko, na mimi huwapungia mkono nikapita zangu, kwani nitafanya nini, nigombane na mtaa mzima?

Mambo yalianza na tumbo. Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo kule Mbaraki, kazi yangu ni kukaa kitini tangu asubuhi mpaka alasiri, na chini ya dirisha langu hukaa mama mmoja auzaye viazi karai, tena hutia pilipili ya ukwaju ambayo wallahi hata ukiwa umeshiba utateremka. Basi mwaka baada ya mwaka tumbo likawa latangulia mlangoni, mimi nafuata nyuma. Halikunisumbua. Lakini nikampenda Maimuna, msichana wa watu, mpole, afanyaye kazi duka la dawa karibu na Buxton, na wazee wetu wakasikilizana kwamba Jumapili fulani ami yangu, Ami Sudi, apeleke posa rasmi kwao, na mimi kwa furaha ya kitoto nikaenda kwa fundi kushonesha kanzu ya harusi kabla hata posa haijapokewa. Fundi akanizungushia utepe kiunoni, akatazama, akazungusha tena, kisha akaniuliza, "Bwana harusi, hii tushone kanzu au tushone hema?"

Nilitoka pale nimeungua roho. Siku ya pili nikaenda kliniki, nikamkuta nesi mmoja mchangamfu, akanipima, akanambia sina maradhi yoyote, ni uzito tu, nipunguze wali na mafuta na niongeze protini, kwani protini hushibisha mtu mapema bila kumrundikia kalori, na asipokula ya kutosha wakati anapunguza uzito hupungua na nguvu pia. Akanitajia vyakula: samaki wa kuchoma, kuku aliyetolewa ngozi, mayai, pojo (hizi choroko), maharagwe, mtindi usio na malai. Alisema mengi, mimi nikashika moja tu, kwamba sasa nina ruhusa ya daktari kula nyama (na nyama, mkiangalia vizuri, hakuitaja kabisa).

Nyumbani sikumwambia mtu. Mama yangu ukimwambia unapunguza chakula ni kama umemwambia hajui kupika, na zaidi ya hayo, jambo likimfikia mama jioni, asubuhi liko Mkunguni kwa watu wote. Kwa hiyo nikawa nafanya kwa kujificha. Akipakua wali, nasema nimekula kazini. Akipika mbaazi za nazi, nachota mbaazi naacha nazi. Siku moja akanikuta jikoni nimemshika mkia samaki wa kupaka, namwosha kwenye mfereji, tui lote lateremka na maji, akasimama mlangoni amejishika kifua.

"Twalibu! Tui nimelikamua kwa mikono yangu miwili, wewe waliosha?"

"Lilikuwa na mchanga, mama."

"Tui lina mchanga?"

Tangu siku hiyo akawa ananitazama kwa jicho la wasiwasi, akipita anigusa paji la uso kama lina homa, mimi nageuza mazungumzo. Laiti ningemwambia ukweli pale pale jikoni, haya yote yasingetokea.

Sasa, Jumamosi, siku moja kabla ya posa, kulikuwa na walima, karamu ya harusi ya kijana wa jirani. Turubai limefungwa uchochoroni, mikeka imetandikwa, wanaume chini, wanawake wako ghorofani katika nyumba ya harusi, na kipaza sauti kimoja kimetundikwa dirishani kwao ili nao wasikie mawaidha na dua. Harufu ya pilau ya mbuzi imejaa mtaa mzima. Mimi nimekaa wiki kadhaa na mayai ya kuchemsha na pojo, nikaisikia harufu ile, machozi kidogo yanitoke.

Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu, ule mdogo, ulioniponza. Mwajua desturi ya sinia: watu wanne au watano wazunguka sinia moja, kila mtu ala mbele yake, nyama imewekwa juu katikati, na mkubwa wao ndiye aichambuaye akamgawia kila mmoja. Hayo ndiyo yasemwayo, siyo yatendwayo. Ukikaa na vijana wenzako hakuna kuchambua wala kugawa, hujamaliza bismillahi mifupa imebaki mitupu, na wewe umeachiwa mlima wa wali. Sasa mimi wali siutaki! Nataka nyama! Nikasimama pale nimeshika viatu vyangu mkononi, nikapiga hesabu: wazee. Wazee hawana meno. Wazee hula wali laini na ndizi yao, nyama huisukuma kando. Mtu akikaa na wazee, akitulia, atakula protini yake kwa raha mustarehe, wali hataugusa, na wala hakuna atakayejua.

Vijana wa ofisini wakaniita, "Twalibu, ndoo huku, nafasi iko!" nikajifanya sisikii. Nikaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa mkeka, nikapiga goti pamoja na wazee watatu. Mmoja namjua, Mzee Omari, jirani yetu, mtu mwema, amenijua tangu nikiwa sivai suruali. Wa pili ni shemeji yake Mzee Omari, ambaye toka alipokaa mpaka alipoondoka hakusema neno. Wa tatu simjui, mgeni, mwembamba, kofia yake ya vito imekaa sawasawa, macho yake yatulia juu ya mtu yasibanduke. Nikawaamkia wote, shikamoo, shikamoo, shikamoo, wakafurahi, Mzee Omari akasema, "Mwaona kijana mwenye adabu? Vijana wa leo hawataki kukaa na wazee," nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Sinia likaja. Mzee Omari akachambua nyama, akamwekea kila mtu fungu lake. Na desturi ni kwamba mzee akikusogezea fungu lake wewe wakataa, wamrudishia, wasema, "La, kula wewe baba," naye akusogezea tena, wewe warudisha tena, mpaka mwisho mwagawana. Mimi Mzee Omari aliponisogezea kipande chake, nikasema, "Ahsante, mzee," nikala. Yule shemeji akasogeza chake, nikala. Mgeni akasogeza chake taratibu, huku akinitazama, na hicho nacho nikala. Kisha nikaanza kuuchimba wali kwa vidole kutafuta vipande vilivyofukiwa, nikachimba shimo, shimo likawa pango, mlima wa wali ukaporomoka wote ukamwangukia mgeni upande wake mpaka ukamfika kwenye ndizi.

Mgeni akaipangusa ndizi yake. Akaniuliza kwa upole, na lafudhi yake ni ya Lamu, "Mwanangu, wali umekukosa nini?"

Hapa mtu mwenye akili angesema, "Mzee, napunguza tumbo," wangecheka kidogo yakaisha. Lakini nikaona haya. Mwanamume mzima niseme napunguza tumbo, mbele ya wazee, kesho yake naposewa mke? Nikasema, "Daktari amenikataza, mzee."

Mzee Omari tonge likasimama hewani. "Daktari? Kwani una nini, Twalibu?"

"Ni... ni mambo ya damu tu, mzee." Wallahi sijui neno lile lilitoka wapi.

Mzee Omari machozi yakamlenga. Akakusanya kila kipande kilichosalia sinia zima, hata cha mdomoni kwa shemeji yake nusura akichukue, akaniwekea mbele yangu. "Kula, mwanangu. Kula. Nyama yaongeza damu." Na mimi (haya ndiyo nitakayoulizwa mbele ya Mungu) badala ya kukana, nikaona loo, kumbe mambo yamenyooka! Nikala. Mzee Omari akampungia mkono Kassim, mwandazi wa karamu ile, mwenye sauti ya mnadani, akamnong'oneza sikioni, na Kassim akageukia jikoni akapaza, "Lete maini! Maini ya mgonjwa, sinia la mwisho!"

Watu wakageuka. Maini yakaja bakuli zima, yameelea samli, nikajikunyata nikala nikiwa nimeinamisha kichwa kama mgonjwa kweli. Ni matamu mno, siwafichi.

Ndipo Mzee Omari akaona amjulishe mgeni wake. "Hamkujuana vizuri," akanambia. "Huyu ni Mzee Bakari, kaingia jana kutoka Lamu. Ndiye mjomba wake Maimuna, mtoto wa pale ng'ambo. Amekuja kwa ajili ya posa ya kesho, yeye ndiye atakayetoa neno."

Ini likanikwama. Nikakohoa, nikapigwa mgongoni, nikapewa maji. Mzee Omari hakuwa ameambiwa kwamba mposaji ni mimi, na Mzee Bakari mwenyewe hakujua bado mimi ni nani, alisikia "Twalibu" tu, na akina Twalibu mjini ni wengi, na mimi nikawa naomba moyoni chakula kiishe, nioshe mikono, nitoweke, kesho Ami Sudi aende na posa yake, na mpaka nitakapokuja kuonana na huyu mjomba atakuwa amenisahau. Nikaanza kuinuka. Mzee Omari akanishika kanzu. "Wenda wapi? Dua bado. Nawe ndiye wa kuombewa."

Kabla sijamzuia alikwisha kujikokota mpaka kwa Maalim aliyekuwa ameshika maikrofoni. Nikamwona amnong'oneza. Nikamwona Maalim atikisa kichwa kwa masikitiko. Maalim akawaombea maharusi, akawaombea marehemu, kisha akasema kwa sauti nzito ya huruma, na vipaza sauti vikaitupa Mji wa Kale wote, "Na ndugu zangu, tumwombee shifaa kijana wetu Twalibu, mwana wa marehemu Feisal, afanyaye kazi Mbaraki, ambaye amepatwa na maradhi ya damu, naye amesubiri kimya kimya. Ya Rabbi mponye!"

"Amin!" wakasema watu, kwa nguvu, kwa moyo mmoja.

"Mwondolee dhiki!"

"Amin!"

Mimi nimeinua mikono, kwani nifanyeje, na vidole vyangu vyang'aa samli. Nikachungulia kando. Mzee Bakari alikuwa ameacha kuomba. Amefumbua macho, anitazama, midomo yake yarudia polepole, "Twalibu wa Feisal... wa Mbaraki." Nikajua yamekwisha. Mwanamume anapeleka posa huku ameficha ugonjwa, ni nani atakayempa binti? Na ghorofani, chini ya kile kipaza sauti cha dirishani, alikuwako Maimuna na mama yake na shangazi zake wote.

Na alikuwako mama yangu.

Kilio chake nilikisikia kabla dua haijamalizika. Mama yangu, ambaye maisha yake yote hajapata kukanyaga upande wa wanaume penye shughuli, aliteremka ngazi bila viatu, buibui limemwenda upande, akawapita wazee na masinia yao, akaja akanishika uso kwa mikono miwili. "Damu gani, Twalibu? Ndiyo sababu huli? Ndiyo sababu waosha samaki? Babako alinificha hivi hivi mpaka siku ya mwisho, na wewe pia wataka kuniacha?"

Jamani. Nilikuwa na njia mbili tu. Ningesema, "Si kitu kikubwa, mama, twende nyumbani tutazungumza," nikaiokoa heshima yangu kidogo mbele ya watu. Lakini mikono yake ilikuwa bado mashavuni mwangu, na marehemu babangu kweli aliumwa akaficha, na mimi nilijua hilo na bado nikatamka neno damu kwa ajili ya kipande cha mbuzi. Sikuweza kumwona vile. Nikapiga ukelele, "Mama, sina ugonjwa! Ni mzima! Nimedanganya! Nataka kupunguza tumbo, mama, nesi kanambia nile protini niache wali, nikaona haya kusema, nikakaa na wazee kwa sababu hawana meno, nipate kula nyama yao!"

Maalim, kwa mshtuko wa kumwona mama, alikuwa ameiteremsha maikrofoni akaiweka mkekani, karibu na goti langu. Haikuzimwa. Nilisikia "nipate kula nyama yao" ikirudi kutoka ukutani, kutoka dirishani, kutoka kule mwisho wa uchochoro.

Kisha ghorofani mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kimoja tu, kirefu, na baada ya hapo sikusikia tena kitu ila vicheko, juu na chini, Kassim amejilaza kwenye mkeka ashika mbavu, Maalim ameufunika uso kwa kilemba, na Mzee Omari, masikini, aniuliza kwa uchungu, "Hata maini, Twalibu? Hata maini?" Mama akanifuta machozi (yangu, sio yake), akanipiga kofi dogo la bega, akanambia, "Nyumbani tutaonana." Mzee Bakari peke yake hakucheka. Aliosha mikono yake, akavaa makubadhi, akaondoka.

Siku ya pili Ami Sudi alikwenda na posa, mimi kwa desturi nikabaki nyumbani, nimekaa ngazini. Kwenda alikwenda kwa shingo upande, akaniambia kabisa, "Naenda kukataliwa kwa niaba yako." Akakawia mno. Aliporudi akavua kofia, akakaa, akaomba maji, akayanywa yote, mimi roho iko mkononi.

"Mjomba asema," akaanza, "alipoisikia ile dua alikwisha kuamua kukataa. Asema si kwa sababu ya ugonjwa, mtu yeyote huugua, ila mtu amfichaye mkewe ugonjwa atamficha na mengine. Lakini asema amezunguka walima nyingi, na hajapata kumwona kijana aliyekubali kuchekwa na mji mzima kwa kuwa hawezi kumwona mamake akilia. Asema mtu huyo binti yetu atakaa naye kwa amani." Akanitazama. "Wamekubali, mpumbavu weye."

Nililia tena. Naona haya kusema, lakini nililia.

Niliporudi kliniki nikamsimulia yule nesi, akacheka mpaka akaomba radhi, kisha akanihesabia: mbuzi wa mafuta mafungu manne, na maini yaliyoelea samli, kalori zake zapita sahani ya wali niliyoikimbia. Yaani fedheha yote ile, na hata kupungua sikupungua! Sasa nala inavyotakikana, mama ndiye msimamizi, achoma samaki changu kwa ndimu na pilipili, apika pojo kwa tui jepesi la kikombe kimoja, kuku amchuna ngozi mwenyewe, na kila ajaye nyumbani amwambia bila kuulizwa, "Mwanangu apunguza tumbo."

Na Maimuna? Siku ile ile ya posa aliniletea ujumbe wa sauti, na mwanzo wake wote ni kicheko, akishika pumzi acheka tena. Kisha akasema, "Twalibu, ule mlio uliousikia ghorofani ni wa mama yangu, ndiye aliyepiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa nalia tangu Maalim alipotaja jina lako. Nilikuwa nafikiria nitakuuguza vipi. Hilo tumbo nimeliona tangu siku ya kwanza uliyokuja dukani, na sikulikataa. Ukitaka kulipunguza, lipunguze. Lakini usinitie tena hofu ile."

Nimeusikiza ujumbe ule mara nyingi kuliko niwezavyo kuwaambia. Na nimeweka nadhiri, tena nimeiweka mbele ya mama: mtu akiniuliza kwa nini siuli wali, nitamjibu napunguza tumbo, hata akiuliza mbele ya maikrofoni.